Sukari ya ujauzito na tabia ya mtoto: je, ni mimi niliyemfanya awe hivi?

Swali: Daktari, nina ujauzito wa wiki 27. Nimepimwa sukari kwa kunywa yale maji ya glukosi: kabla ya kunywa ilikuwa 5.4, baada ya saa mbili 8.9. Nimeambiwa nina kisukari cha ujauzito. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 84, urefu wangu sentimita 162. Mwanangu wa kwanza ana miaka mitano. Hatulii, hasikii, na mwalimu wake analalamika kila mara. Kwenye mimba yake niliongezeka uzito sana na sikumbuki kupimwa sukari. Wifi yangu amesoma kwamba sukari ya mama huharibu ubongo wa mtoto, na sasa kijana akifanya fujo ananitazama mimi. Ni kweli? Na huyu wa tumboni nimfanyie nini?

Jibu: Pole dada, kwa majibu na kwa macho ya wifi. Nitajibu yote mawili, ila kwa huyu wa tumboni nitakaa zaidi, maana huko ndiko kuna kazi ya kuanza wiki hii.

Wifi yako amesoma jambo la kweli akalikuza kupita kiasi. Tafiti kubwa zimeona kwamba watoto wa akina mama waliokuwa na kisukari, unene uliokithiri au shinikizo la damu wakati wa ujauzito wanapata usonji (autism), au tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza linaloitwa ADHD, kwa kiwango cha juu kidogo kuliko watoto wengine. Mwaka 2015 watafiti wa California waliofuatilia watoto zaidi ya 320,000 walieleza kwamba kisukari cha ujauzito kilichogunduliwa kufikia wiki ya 26 kiliambatana na ongezeko la asilimia 42 la usonji. Kilichogunduliwa baada ya hapo hakikuonyesha ongezeko.

Asilimia 42 ikisomwa peke yake inatisha. Iweke mahali pake: usonji huonekana kwa takriban mtoto 1 kati ya 100, kwa hiyo ongezeko hilo maana yake ni kama watoto 14 katika kila 1,000 badala ya 10. Watafiti haohao waliangalia ADHD mwaka 2018. Watoto ambao mama zao sukari ilipanda hadi kuhitaji dawa walikuwa na ongezeko la asilimia 26 hivi. Wale ambao mama zao walitulia kwa chakula na mazoezi tu, hakukuwa na ongezeko. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yenye uzito: sukari imepanda kwa kiasi gani, na imekuwa juu tangu lini.

Kuhusu unene, ushahidi una mgogoro zaidi. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2014, wenye watoto zaidi ya 670,000, ulikuta kwanza kwamba unene wa mama unaambatana na ADHD ya mtoto. Kisha watafiti wakalinganisha ndugu wa mama mmoja na baba mmoja, ambao mama alikuwa na uzito tofauti katika mimba tofauti. Uhusiano ukatoweka. Hiyo inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana kama athari ya uzito huenda ni mambo ambayo ndugu hao wanachangia: vinasaba vya wazazi na mazingira ya nyumba moja. ADHD yenyewe hurithiwa kwa nguvu sana. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba takriban robo tatu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika tatizo hili inatokana na urithi. Kabla ya yeyote kukutazama wewe, ulizeni pande zote mbili za ukoo, upande wa wifi ukiwemo: nani utotoni alikuwa hakai kitini?

Sasa, sukari inafikaje kwenye ubongo wa mtoto? Nakueleza kwa kuwa ukiielewa njia utaelewa pia kwa nini huko mbele nitakwambia upime wingi wa damu na chuma wakati tatizo ulilopewa ni sukari.

Glukosi huvuka kondo la nyuma kwa urahisi: ikizidi upande wa mama, huvuka kwa wingi kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama, yaani homoni inayoshusha sukari, haivuki. Mtoto analetewa sukari asiyoihitaji, na analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kuikabili. Tumboni insulini hufanya kazi kama homoni ya ukuaji. Inamnenepesha, hasa mabegani na kiwiliwili, na inaongeza matumizi yake ya oksijeni. Kondo haliwezi kuongeza oksijeni kwa kasi hiyohiyo, basi mwili wa mtoto unajitetea kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi za damu. Chembe hizo zinakula madini ya chuma. Chuma kisipotosha, chembe nyekundu ndizo zinazohudumiwa kwanza; akiba ya ini inakauka, kisha ubongo nao unapunjwa. Na ubongo wa miezi mitatu ya mwisho una njaa kubwa ya chuma. Unakitumia kutengeneza mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva ili ujumbe upite haraka, na kutengeneza dopamini, kemikali inayosimamia umakini na uwezo wa kujizuia. Sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu ndiyo huumia mapema.

Zipo njia nyingine. Mafuta mengi mwilini huweka mwili wa mama katika mchochota wa chinichini, hali ambamo kinga ya mwili hutoa kemikali zake kana kwamba kuna ugonjwa wa kupigana nao. Katika wanyama wa maabara kemikali hizi hubadilisha jinsi chembe za kinga zilizomo ndani ya ubongo wa kijusi zinavyofanya kazi. Na kisukari huongeza uwezekano wa shinikizo la damu la ujauzito na wa kujifungua kabla ya wakati. Kuzaliwa njiti kwenyewe ni sababu inayojulikana vizuri ya matatizo ya umakini baadaye.

Majibu yako yanasemaje? Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kipimo cha gramu 75 za glukosi kinathibitisha kisukari cha ujauzito ukifika 5.1 kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kimoja tu kinatosha. Wewe umevuka viwili, kwa kiasi kidogo. Kisukari kamili kinachoweza kuwa kilikuwepo kabla ya mimba huanzia 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 baada ya saa mbili, na wewe uko mbali na huko. Umegunduliwa wakati wa kawaida wa kugundua, kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa viwango vya chini. Kati ya wanawake wanaopata jibu hili, uko kwenye kundi lenye nafasi nzuri.

Lengo lako kuanzia leo ni chini ya milimoli 5.3 kwa lita unapoamka kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Ukipendelea kupima baada ya saa mbili, basi iwe chini ya 6.7. Mashine yako ikisoma kwa miligramu kwa desilita, namba hizo ni 95, 140 na 120. Pima mara nne kwa siku: ukiamka, na baada ya kila mlo mkuu. Saa moja inahesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu ulipoinuka mezani. Kosa hili ndilo ninaloliona sana. Mtu anapima dakika 90 baada ya kuanza kula, anapata namba nzuri na kumbe kilele kimeshapita. Osha mikono kwa maji na sabuni, ukauke kabisa. Kidole kilichomenya tunda dakika chache zilizopita kinaweza kukupa 11 ya uongo. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, maana katikati kunauma zaidi. Chupa ya vijiti vya kupimia ifungwe mara tu unapotoa kimoja, kwani unyevu huviharibu bila kuonyesha dalili yoyote. Andika namba, na kando yake andika ulichokula.

Kwenye chakula, wanaopewa jibu kama lako hukosea kwa namna mbili. Wengine wanaacha sukari ya chai tu na kuendelea na juisi, wakidhani juisi ya tunda halisi haina neno. Glasi ya juisi hupandisha sukari haraka kama soda, maana nyuzinyuzi zilizokuwa zikichelewesha sukari zimeachwa kwenye kichujio. Wengine, na hawa wananitia wasiwasi zaidi, wanaogopa mpaka wanaacha wanga kabisa na kulala na njaa. Mwili usipopata wanga huvunja mafuta na kutoa ketoni, nazo huvuka kwenda kwa mtoto. Zipo tafiti zilizohusisha ketoni nyingi katika damu ya mama na alama za chini za akili kwa mtoto. Mjamzito anahitaji angalau gramu 175 za wanga kwa siku. Kinachobadilika ni aina yake na namna ya kuugawa.

Gawa sahani: nusu mboga zisizo na wanga, robo wanga, robo protini kama mayai, samaki, nyama au jamii ya kunde. Wanga uwe wa nafaka isiyokobolewa inapowezekana. Kula milo mitatu ya wastani na vitafunwa viwili au vitatu katikati. Anza na mboga na protini, wanga uje mwisho. Mpangilio huo peke yake hushusha kilele cha sukari baada ya mlo. Asubuhi ndipo pagumu, kwa sababu homoni za alfajiri hupinga insulini. Kwa hiyo wanga wa kifungua kinywa uwe mdogo, gramu 15 hadi 30. Kipande kimoja cha mkate kina kama 15. Ongeza yai au maziwa ya mgando yasiyo na sukari. Usikae usiku kwa muda unaozidi saa 10 bila kula: kitafunwa kidogo chenye protini kabla ya kulala kinasaidia. Kisha tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, kwani msuli unaofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Jumla ya dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki inatosha, kama kliniki haijakukataza kwa sababu nyingine.

Jipe wiki moja hadi mbili za bidii. Namba za baada ya kula kwa kawaida hutii. Ya kuamka ni mkaidi, kwa sababu haitokani na chakula cha jana bali na ini linalotoa sukari usiku kucha. Wewe umeanza na 5.4, na huenda ikagoma. Ikibaki juu ya 5.3 siku nyingi za wiki licha ya kula vizuri, kubali dawa mapema. Kuhitaji insulini hakumaanishi umeshindwa. Kondo linaendelea kutoa homoni zinazopinga insulini, na kwa kawaida nguvu yake huongezeka hadi karibu wiki ya 36. Huenda umesikia nilivyosema kuhusu ongezeko la ADHD kwa waliohitaji dawa ukafikiri dawa ndiyo sababu. Dawa pale ni alama ya sukari iliyokuwa juu zaidi. Insulini haimfikii mtoto. Metformini, kidonge cha kushusha sukari, inavuka kondo, na ingawa ufuatiliaji wa watoto haujaonyesha kwamba inadhuru ukuaji wa akili, baadhi yao walikuwa wazito zaidi baadaye, ndiyo maana wataalamu wengi huanza na insulini. Jadili na kliniki yako.

Tumerudi kwenye chuma. Omba kupimwa wingi wa damu na, kama maabara inaweza, feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Feritini chini ya mikrogramu 30 kwa lita ina maana akiba imepungua hata kama wingi wa damu bado unaonekana mzuri. Dozi ya kawaida ya kinga katika ujauzito ni miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kwa siku pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Akiba ikiwa chini, daktari ataongeza. Soma lebo vizuri, kwa kuwa kidonge kilichoandikwa miligramu 200 za feri salfeti kina takriban 65 tu za chuma chenyewe. Meza mbali na chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu, angalau kwa saa mbili, na ukiweza pamoja na tunda chachu. Kikikufanya utapike, kumeza siku moja na kuruka moja ni bora kuliko kuacha kimyakimya.

Kuhusu uzito: kwa kilo 84 na urefu wako, BMI yako, yaani uwiano wa uzito na urefu, ilikuwa 32. Ongezeko linalopendekezwa kwa mimba nzima ni kilo 5 hadi 9, kama gramu 200 kwa wiki kuanzia mwezi wa nne. Kama umeshazidi, usijaribu kupungua sasa. Punguza kasi tu. Shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio. Kichwa kikiuma vikali, ukiona vimulimuli, au maumivu yakishika chini ya mbavu za kulia, nenda siku hiyohiyo.

Mwambie mkunga mapema kwamba mtoto atahitaji kufuatiliwa sukari akishazaliwa. Kitovu kinapokatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini aliyozoea kuitengeneza bado ni nyingi, na sukari yake inaweza kushuka sana ndani ya saa chache za kwanza. Ubongo wa mtoto mchanga unaishi kwa sukari. Anyonyeshwe ndani ya dakika 30 hadi 60, kisha kila saa mbili au tatu, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi apate joto, na apimwe kabla ya kunyonya. Vituo vingi huchukua hatua ikiwa chini ya 2.6. Akitetemeka, akilegea, akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, asisubiri zamu ijayo. Kati ya yote niliyoyaandika, saa hizi ndizo ambazo uzembe mdogo huwa na gharama kubwa.

Sasa kijana wako. Hakuna kipimo kinachoweza kusema utukutu wa mtoto huyu mmoja ulitoka kwenye sukari ya mimba ile, na hakuna tiba ambayo ingebadilika hata kama tungejua. Kinachomsaidia ni uchunguzi wa leo. Apimwe masikio kwanza, kwa kuwa "hasikii" mara nyingine ni kusikia hafifu kwelikweli. Apimwe macho na wingi wa damu. Upungufu wa chuma kwa mtoto wa miaka mitano huleta kutotulia na kulala vibaya. Hesabu usingizi wake: umri huo unahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, na mtoto anayekoroma au kupumua kwa mdomo usiku huonekana mtukutu mchana kwa uchovu. Hayo yakiwa sawa, ndipo ADHD iangaliwe. Ili ithibitishwe, dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zionekane nyumbani na shuleni, na zizidi wazi zile za watoto wa umri wake. Mwombe mwalimu aandike nini hasa anafanya, saa ngapi, katika somo gani. "Msumbufu" peke yake haitusaidii.

Kwa watoto wa chini ya miaka sita, tiba ya kwanza ni mafunzo ya malezi kwa wazazi. Kwa mfano, agizo liwe moja kwa wakati, fupi, ukiwa umemsogelea na kumtazama usoni. "Weka viatu chini ya kitanda" linatekelezeka. "Hebu acha vurugu" halina pa kushikwa. Akitekeleza, msifu papo hapo kwa kutaja alichofanya. Mafunzo haya hufanya kazi vivyo hivyo iwe chanzo ni urithi, mimba au tabia tu ya utoto, na watu wazima wote wa nyumbani wayafuate, wifi naye akiwemo.

Mdogo wake akizaliwa, mfuatilie bila kumchungulia kwa hofu kila dakika. Kufikia miezi 12 awe anageuka akiitwa jina, anabwabwaja na anaonyesha kitu kwa ishara. Miezi 16 awe na neno angalau moja. Miaka miwili aunganishe maneno mawili. Akikosa mojawapo, au akipoteza uwezo aliokuwa nao wakati wowote, mpeleke mara moja. Usikubali kuambiwa wavulana huchelewa.

Wewe mwenyewe urudie kipimo cha gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Wengi hawarudi, kwa kuwa sukari hushuka kondo likishatoka na mtu anajiona amepona, ilhali kisukari cha ukubwani huwapata waliopitia hali hii mara kadhaa zaidi ya wengine. Kikiwa safi, pima kila mwaka mmoja hadi mitatu. Na kama mnapanga mwingine baadaye, pima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kabla ya kushika mimba na uanze asidi ya foliki angalau mwezi mmoja mapema. Kwa BMI ya zaidi ya 30 baadhi ya miongozo hutaka miligramu 5, hivyo muulize daktari dozi. Sukari iliyokuwa juu tangu wiki za mwanzo ndiyo ambayo tafiti zinaionyesha kuwa na madhara zaidi, na wakati huo wengi huwa bado hawajaanza kliniki.